Macho Mezani: Vidokezo vya Kutulia Unapocheza Poka Bukavu

Tuanze na hesabu kidogo, maana bila hiyo ushauri unaofuata utaonekana mkali kupita kiasi. Katika poka ya Texas, ile inayochezwa zaidi duniani siku hizi, kila mchezaji hupewa karata mbili za siri. Kisha karata tano hufunuliwa katikati ya meza kwa ajili ya wote: tatu kwa mpigo, halafu moja, halafu moja ya mwisho. Ukiwa na karata mbili tofauti, zile tatu za kwanza hukunyima jozi takriban mara mbili kati ya tatu. Ree mbili, ambazo ni mwanzo mzuri kuliko wote, huja kwa wastani mara 1 katika migao 221. Nyumbani, mnapogawa wenyewe kwa zamu, migao 20 kwa saa ni mwendo mzuri. Kwa mwendo huo utazingoja ree zako kwa muda wa saa kumi na moja.

Kwa hiyo poka ni mchezo wa kungoja. Kwenye meza iliyojaa, mchezaji mwangalifu hutupa karata mara nyingi zaidi kuliko anavyozicheza. Na hapo penye kungoja ndipo akili inapotoroka. Hakuna anayesinzia akiwa ameweka nusu ya jetoni zake, vile vidude vya kuwekea dau, katikati. Tunasinzia tukiwa tumetupa karata, tukaegemea kiti, tukaanza kuzungumza habari za bei ya mafuta. Mgao unaofuata tunaingia hatujui nani alifanya nini, na tunalipa kwa kutojua huko.

Naamini kabisa kwamba utulivu mezani haupatikani kwa kukunja uso. Hupangwa kabla ya kuketi, na hulindwa katika migao usiyocheza. Nimeandika haya nikifikiria meza za marafiki za hapa kwetu, Ibanda, Kadutu na Bagira: veranda yenye wapita njia, umeme wa shirika la SNEL unaokuja na kuondoka, mvua juu ya mabati. Kasino za Las Vegas zina mgawaji wa kulipwa na mlinzi mlangoni. Sisi tuna kapu, taa na makubaliano.

1. Simu zikae kapuni, lakini zisizimwe

Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas kilichoko Austin, wakiongozwa na Adrian Ward, waliwapa watu karibu 800 mazoezi ya akili. Wengine waliacha simu mezani, wengine mfukoni au mkobani, wengine katika chumba kingine. Simu zote zilikuwa zimenyamazishwa. Walioziacha chumba kingine walifanya vizuri kuliko waliokuwa nazo mezani, ingawa hakuna simu iliyolia. Majaribio ya baadaye ya watu wengine hayakutoa jibu lilelile kila mara, kwa hiyo sitaushika utafiti huo kama sheria. Lakini kwenye poka huhitaji maabara. Mtazame mwenzako anayesoma ujumbe chini ya meza, kisha muulize dau la mwisho lilikuwa la nani.

Sasa, kumwambia mtu wa Bukavu azime simu ni ushauri wa asiyeishi hapa. Tangu waasi wa M23 walipoingia mjini mwezi wa Februari 2025, simu ndiyo njia ya mama kujua kama mtoto amefika, na njia ya kila mtu kujua barabara ipi inapitika. Ukimnyang'anya mtu simu, ataketi mezani na moyo wake utabaki kwenye simu. Hujapata kitu.

Fanyeni hivi. Kabla ya kuondoka nyumbani, kila mmoja awaambie watu wake: "Kukiwa na jambo, piga, usiandike." Mkifika, zimeni mega (data), acheni mlio wa kupigiwa ukiwa juu, wekeni simu zote kapuni katika chumba cha ndani. Mtu mmoja asiyecheza azisikilize. Karibu kila nyumba ina mtu wa namna hiyo, yaya (kaka au dada mkubwa) aliyechoka na karata au shangazi anayependa kampani yenu bila kupenda mchezo wenu. Simu ikilia, anamwita mwenyewe kwa jina, na mgao unasimama mpaka arudi. Kama hakuna wa kusikiliza, kapu lipelekwe kwa yule aliyeishiwa jetoni.

Kisha kila saa moja pumzikeni dakika kumi. Hapo kila mtu achukue simu yake, afungue mega, asome makundi yote ya WhatsApp na sauti zote zilizotumwa na kutumwa tena. Akijua kwamba nafasi yake inakuja, ataweza kungoja.

Na siku ambayo habari za mji ni mbaya tangu asubuhi, msicheze. Ongeeni tu. Mtu mwenye hofu ya kweli hana haja ya kujaribiwa akili.

2. Ukishatupa karata, kazi imeanza

Anayecheza bao kule Zanzibar, au igisoro ng'ambo ya Ruzizi upande wa Rwanda, ana mashimo 32 na kete 64 mbele ya macho yake. Hakuna kilichofichwa. Ugumu uko katika kuzifuata kete zinapozunguka, zikaishia penye kete nyingine, zikaokotwa, zikazunguka tena. Mholanzi Alex de Voogt aliwachunguza mabingwa wa bao, akachapisha matokeo yake mwaka 1995 katika kitabu alichokiita Limits of the Mind. Kitabu kizima ni heshima kwa watu wanaoweza kuona ubao ujao kabla haujafika. Katika bao, ukiondoa macho ubaoni umepotea.

Katika poka ubao ni watu. Karata za katikati utazisoma kwa sekunde mbili na hazitabadilika. Zilizobaki ziko mikononi mwa wenzako, na habari zake hutoka kidogo kidogo: nani alifungua dau, kwa kiasi gani, baada ya kufikiri muda gani, na mwishowe alionyesha nini. Aliyetupa karata ndiye mwenye nafasi nzuri kuliko wote ya kuziona habari hizo. Hana dau la kuogopa, hana uso wa kuficha.

Usijaribu kuwatazama watu wanane kwa pamoja, utachoka kabla ya kupumzika mara ya kwanza. Chagua mmoja, mtazame nusu saa. Kabla karata hazijafunuliwa mwishoni, sema moyoni mwako: huyu ana jozi ya wafalme. Kisha angalia. Ukikosea, rudi nyuma kwa mawazo: lile dau la kwanza alilolipandisha, kumbe alikuwa na nini? Zoezi hili halikugharimu hata jetoni moja, na sijaona kitu kingine kinachomweka mtu macho kama hiki.

Na unapomtazama, usikwame usoni. Mwaka 2013 Michael Slepian na wenzake walichapisha utafiti wao juu ya wachezaji wa Mashindano ya Dunia ya Poka. Waliwaonyesha wanafunzi vipande vya video, wengine wakaona uso tu, wengine mikono tu ikisukuma jetoni. Waliotazama uso walipotoshwa, walikisia vibaya kuliko kubahatisha. Waliotazama mikono walikisia vizuri zaidi, hata kama poka hawaijui sana. Mkono unaosogea bila kusita mara nyingi una karata nzuri. Uso umefundishwa kudanganya tangu utotoni, mkono haukufundishwa.

Mwandishi Maria Konnikova, mwenye shahada ya udaktari wa saikolojia, alianza kujifunza poka bila hata kujua kuna karata ngapi katika pakiti (ni 52). Mwalimu wake alikuwa Erik Seidel, mmoja wa wachezaji wakubwa wa Marekani, na somo alilomrudishia mara kwa mara ni kuwa makini. Januari 2018 Konnikova alishinda shindano huko Bahamas na kuchukua dola 84,600. Hadithi yake iko katika The Biggest Bluff, kitabu cha mwaka 2020. Ninachokipenda ndani yake ni jinsi anavyoonyesha kwamba karata nzuri alizipata kama kila mtu. Tofauti ilikuwa katika kutazama.

3. Usifunue karata zako kabla ya zamu yako

Wengi hunyakua karata mbili zao zikiwa bado zinateleza mezani. Acha zikae. Weka kifuniko cha chupa ya Primus juu yake zisipeperuke, kisha watazame wengine wakizifunua zao. Kuna atakayechungulia mara moja na kugeuka kutazama jetoni zake. Huyo amekipenda alichokiona. Kuna atakayezishika tayari kuzitupa kabla zamu haijamfikia. Zamu yako ikifika, funua, amua, tenda. Kuna faida ya pili: huna karata mbaya ya kukuchosha mapema, kwa hiyo huna sababu ya kuondoka mezani kwa mawazo kabla mgao haujaanza.

4. Hesabu rundo la katikati, kila dau

Hiki ni kidokezo cha wale wanaosema, "Mimi nikikaa muda mrefu akili inaelea." Ipe akili kazi ndogo isiyoisha. Kila dau linapoingia, liongeze kichwani: kumi, ishirini, thelathini. Usiulize mtu, wala usiguse rundo.

Mfano. Mnacheza kwa maharage. Katikati kuna punje 30. Wewe una kopa nne, unangoja ya tano, na imebaki karata moja tu kufunuliwa. Mwenzako anaweka 10. Unaombwa 10 ili ushinde 40, maana yake unahitaji kushinda mara 1 kati ya 5 ili usile hasara. Karata usizoziona ni 46, na kopa zilizobaki ndani yake ni 9. Hiyo ni karibu sana na 1 kati ya 5. Uko mpakani kabisa mwa faida na hasara, na sasa swali ni kama kopa yako ikija, mwenzako atakulipa tena. Aliyehesabu rundo anajiuliza swali hilo. Asiyehesabu anajiuliza, "Nina bahati leo?"

5. Taa

Jua Bukavu huzama saa kumi na mbili jioni; mchezo ukichelewa mtautegemea umeme, nao una ratiba yake. Mabwawa yanayotulisha, Ruzizi I la mwaka 1958 na Ruzizi II la mwaka 1989, yanahudumia watu wengi kuliko waliofikiriwa wakati huo. Kwa hiyo kateni shauri mapema: taa ya sola ijazwe tangu asubuhi na itundikwe katikati, juu ya meza. Mshumaa mmoja pembeni hufanya nusu ya wachezaji wasome karata kwa kukisia.

Kwenye mwanga hafifu kopa na uru, zote nyekundu, huonekana ndugu. Shupaza na pau vilevile. Nimeona mtu akiweka jetoni zake zote akiamini ana kopa tano, kumbe moja ni uru. Ukipata pakiti ya rangi nne, ambayo uru ni bluu na pau ni kijani, inunue bila kusita. Na umeme ukikatika katikati ya mgao, karata zote zilale chini, mikono ipande juu ya meza, mpaka taa iwake. Mkubaliane hivyo kabla, si gizani.

Jenereta ya jirani ni kelele moja mfululizo, utaizoea. Kinachosumbua ni kuwaka na kuzimika.

6. Mvua ikipiga mabati

Kuanzia Septemba hadi Mei hili litawapata. Hamtasikiana. Mtu atasema "nafuata", mwenzake atasikia "napandisha", na robo saa itakwisha kwa mabishano. Chora mstari wa chaki mezani. Jetoni zilizovuka mstari zimechezwa, zisizovuka hazijachezwa, na maneno hayahesabiwi mpaka mvua iishe.

7. Watazamaji wawe na kiti na sheria

Veranda yenye watu wanaocheza, Kadutu au popote, haikai nusu saa bila kupata watazamaji. Nami sitaki wafukuzwe. Mchezo usio na watazamaji una upweke wake, na vijana wengi wamejifunza karata kwa kusimama nyuma ya kaka zao. Lakini mtazamaji anayezunguka nyuma ya watu wote ni hatari, hata kama ana nia njema. Anaona karata za mzee huyu, anaguna; anaona za yule, anacheka. Kila mguno ni habari, na kila mchezaji anaanza kumsoma yeye badala ya kuwasoma wenzake.

Sheria zitoshe mbili. Mtazamaji akae nyuma ya mchezaji mmoja, aliyemkubali, mpaka mapumziko. Na asiseme neno juu ya mgao wowote mpaka karata zikusanywe. Mzee wa nyumba ndiye azitangaze, kwa sauti ya heshima, mwanzoni: "Wageni wetu, karibuni, kaeni, lakini midomo tuifunge karata zikiwa mezani." Akisema yeye hakuna atakayeona ametukanwa. Ukisema wewe unayeshindwa wakati huo, utaonekana una hasira.

8. Muziki uzimwe

Rumba ya Kongo iliingia katika orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni Desemba 2021, na ilistahili. Ndiyo sababu isichezwe wakati wa poka. Muziki ambao kila mtu mezani anayajua maneno yake huwafanya wote waimbe kimoyomoyo. Uwekeni wakati wa mapumziko, kwa sauti, na atakaye acheze.

9. Pesa ya minervali isiguse meza

Kidokezo hiki watu hukisoma kama mahubiri, kumbe ni cha kiufundi kabisa. Pesa unayoiogopa hukutoa kwenye mchezo. Ukiwa umeketi na ada ya shule ya mtoto, huwezi kumtazama mtu aliye mbele yako; unaitazama ada ya shule. Dau linalotakiwa kufuatwa huwezi kulifuata, na lile la kutupwa unalifuata kwa sababu unataka kurudisha. Wachezaji wazoefu huitambua hofu hiyo haraka, na wataibonyeza mpaka uachie.

Tangu benki za mjini zifungwe mwaka 2025, noti zimekuwa adimu, na kila dola taslimu ina kazi inayoingoja nyumbani. Mimi nasema wazi: meza bora ya wakati huu ni ya maharage au ya vifuniko vya chupa. Kila mtu apewe 200, atakayemaliza na nyingi atangazwe mshindi, jina lake liandikwe kwenye daftari la kundi. Msidhani mchezo utalegea. Daftari likiwa na majina ya miezi mitatu, watu hulipigania kwa moyo wote. Na kama lazima muweke pesa, basi kila mmoja atoe kiasi kilekile kidogo mwanzoni, na asiruhusiwe kuongeza.

10. Hasira: toka migao mitatu

Una ree mbili, mwenzako ana wafalme wawili. Jetoni zote zimeingia kabla ya karata ya katikati hata moja. Umefanya kila kitu sawasawa. Lakini katika hali hiyo ree hushindwa takriban mara 18 kati ya 100, na leo ni mojawapo ya hizo 18. Mfalme wa tatu anafunuliwa, mtu wa pembeni anapiga kelele, jetoni zako zinaondoka.

Mgao unaofuata ndio wa hatari kuliko wote wa jioni hiyo. Mwili umepata moto, mikono inataka kucheza, na karata yoyote inaonekana njia ya kurudisha. Mwaka 2019 Noam Brown na Tuomas Sandholm walitangaza programu yao, Pluribus, iliyowashinda wachezaji mahiri kwenye meza ya watu sita. Nguvu yake kubwa ilikuwa hesabu, bila shaka. Lakini ilikuwa na faida nyingine ambayo sisi hatuna: mgao uliopita haukuiuma.

Sisi unatuuma, na hakuna ushauri wa "usikasirike" uliowahi kumsaidia mtu. Kinachosaidia ni sheria iliyowekwa kabla. Ukipoteza mgao mkubwa, unatoka migao mitatu, bila kujadili. Unasimama, unatoka nje. Bukavu imejengwa juu ya rasi zinazoingia Ziwa Kivu, na nyumba nyingi za Nguba na Muhumba zinaliona ziwa kutoka mlangoni, litazame. Kunywa maji. Vuta pumzi, uitoe polepole kuliko ulivyoivuta. Ukirudi, jiulize jambo moja tu: je, ningepata nafasi ileile tena, ningeweka tena? Kama jibu ni ndiyo, hujakosea chochote, kaa ucheze.

Marafiki wana kazi hapa pia. Msimzomee. Msimweleze jinsi ambavyo angeshinda. Aliye karibu naye amwambie kwa upole, "Yaya, toka kidogo, kiti chako tunakilinda." Meza inayomlinda aliyeumia hukaa miaka. Meza inayomchoma hubaki na watu watatu.

Na yule aliyeshinda mgao ule aangalie vilevile. Furaha hutoa akili mezani sawasawa na hasira. Mtu aliyetoka kushinda kwa bahati hucheza karata mbovu nne mfululizo akidhani upepo ni wake. Naye atoke kidogo, kama anaweza.

11. Chakula na kinywaji

Sambaza wa kukaanga, wale samaki wadogo, ni raha ya Ziwa Kivu, ingawa wenyewe ni wageni, waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Mafuta yake yakishaingia kwenye karata, kila karata inapata alama, na kila jicho linatafuta alama. Kuleni wakati wa mapumziko, nawieni mikono kwa sabuni.

Bia ya Primus na kasiksi, pombe yetu ya ndizi, zingoje mwisho. Chupa ya kwanza humfanya mtu asikie anacheza vizuri zaidi, na kusikia huko ndiko kunakomponza. Chai ya tangawizi inatosha mezani. Msicheze na njaa pia. Mwenye njaa huharakisha kila mgao.

12. Ukicheza peke yako kwenye simu

Fungua meza moja. Baadhi ya programu za poka hukuruhusu kucheza meza kadhaa kwa wakati mmoja, na migao huja mbio kuliko nyumbani, lakini huko unajifunza kubonyeza tu. Tumia jetoni za bure, zuia arifa zote, na jiwekee dakika arobaini. Baada ya kila mgao ulioshinda au kushindwa kwa kiasi kikubwa, acha simu chini, eleza kwa sauti kwa nini ulicheza hivyo. Ukijikuta huna maelezo, funga programu kwa siku hiyo.

13. Tangazeni mwisho mapema

Siku hizi watu hawapendi kuwa njiani usiku, na ni haki yao. Giza likikaribia, kila anayekaa mbali anaanza kufikiria motari (dereva wa pikipiki) atakayempata na njia atakayopita. Jetoni zake bado ziko mezani, yeye ameshaondoka. Basi anzeni saa nane mchana, baada ya misa na chakula kama ni Jumapili, na mmalize saa kumi na moja jioni, pakiwa bado peupe.

Anayegawa atangaze kwa sauti: "Migao mitano ya mwisho." Mkiwa na desturi hiyo, mtaona jambo linalorudi kila wiki. Waliopoteza wataingia kwa karata yoyote ili warudishe, na walioshinda watatupa kila kitu ili walinde. Wewe cheza migao hiyo mitano kama ulivyocheza ya saa tisa. Anayerudisha kwa nguvu atakulipa vizuri ukiwa na karata nzuri, na anayelinda atakuachia rundo ukilipandisha dau kwa wakati wake. Hizo ni jetoni nyingi kwa muda mfupi, na huenda kwa mtu ambaye bado yuko mezani.

Jetoni zihesabiwe na watu wawili, mshindi aandikwe daftarini, kapu la simu lirudi. Kisha, kabla hujafungua ujumbe wa kwanza, chukua karatasi uandike mistari miwili au mitatu juu ya yule uliyemtazama zaidi leo. Iwe mahususi: "Alifuata dau mara mbili bila kufikiri, akaonyesha jozi ndogo. Alipofikiri muda mrefu, alikuwa na mfalme." Wiki ijayo isome ukiwa njiani kwenda, kisha uanze na mtu mwingine.